Kamba Tupu Roshani

Mama Mashuka alikuwa dobi maisha yake yote, na kustaafu kulimshinda. Mume alishafariki, watoto walishahama, lakini yeye kila asubuhi alifua. Nguo chafu zikiisha, alifua zilizo safi. Mashuka yaleyale, la bluu na la maua, yalipanda kambani kwenye roshani yake ya ghorofani. Chini ya roshani ni barabara, ng'ambo ya barabara uwanja wa nyasi, na baada ya nyasi ni bahari.

Hali ya hewa ya pale haina adabu. Jua linakuchekea, ukiinama kuokota kibanio, manyunyu. Redio Mama Mashuka hakuiamini hata kidogo. Alitupa jicho uwanjani tu. Mpiga picha akishafungua mwavuli wake mwekundu na kupanga viti vya wateja, basi anaanika. Mwavuli ukibaki umekunjwa, nguo zinangoja kwenye beseni.

"Yule mtu anashinda nje," alikuwa akisema. "Mvua anaijua."

Jumamosi moja binti yake alifika na maboksi kumhamisha. Nyumbani kwake, mbali na bahari, alikuwa amemwandalia mama chumba, pamoja na mashine ya kufulia. Ni binti mwema, ila mdomo wake hauna breki.

"Mama, humu uko peke yako. Siku ukianguka, nani atajua?"

Neno lile lilimchoma, maana hata yeye lilikuwa likimkosesha usingizi. Hakubisha. Alikunja mashuka, akayatia boksini, na beseni likafuata. Kisha, kwa mazoea, akachungulia nje. Jua lilikuwa limewaka kweli, lakini mwavuli mwekundu ulikuwa umekunjwa, na watu waliokuja kupunga upepo wamesimama na mikeka yao kwapani.

"Tufanye haraka," alisema. "Mvua inakuja."

"Mvua ipi, mama? Hakuna hata wingu."

Mlango ukagongwa. Alikuwa mpiga picha, anahema kwa ngazi, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Samahani. U mzima?"

"Marahaba. Mimi mzima. Kwani kuna nini?"

"Kamba iko tupu. Mimi sifungui mwavuli mpaka nione shuka lako, na wale wote hawakai mpaka nifungue. Sasa wamenituma niulize, ni mvua au unaumwa?"

Mama Mashuka alimkodolea macho.

"Lakini baba, mimi ndiye ninayekutazama wewe."

Wakatazamana. Kumbe zile asubuhi ambazo wote wawili walichelewa, walikuwa wakingojeana. Miaka yote hiyo uwanja mzima uliongozwa na watu wawili wasiojua lolote kuhusu mvua. Binti ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya boksi, na alipofuta machozi hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Inuka," mama yake alimwambia. "Umekalia mashuka yangu."

Aliyachovya majini, safi vilevile, akayaanika. Mwavuli ukafunguka, na mikeka ikatandikwa.

Haikuchukua muda mvua ikamwagika, wakalowa chapachapa wote. Watu wakakimbia huku wakimpungia mkono Mama Mashuka, naye anaanua mbiombio, anacheka. Nyuma yake, bila kuambiwa, binti alikuwa akitoa sufuria boksini na kuzirudisha kabatini.