Maficho Yetu Nyuma ya Ishiara

Krismasi iliyopita nilikuwa kwa kaka yangu, nyumbani kwake Meru. Tulikuwa tumeshiba mukimo na nyama, watoto wametawanyika kila pembe ya nyumba. Mwanawe wa pili alikuwa amejifungia chumbani na kompyuta, masikio ameyaziba kwa vile vidude vya kusikilizia, anapiga kelele peke yake. Nikachungulia. Kwenye skrini kulikuwa na giza, nyota, na chombo kikikimbiza chombo kingine.

"Anti, mimi ni haramia," akaniambia bila kugeuka. "Tunapora vyombo vya mizigo. Huyu mwenzangu yuko nchi ya mbali huko, hata sijawahi kumwona."

Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu, akaangua kicheko. "Huyo amenirithi mimi! Wewe hujui babako alikuwa nani. Enzi zile kule chuoni nilikuwa nawatetemesha watu wazima, peke yangu, na mashine moja tu."

Peke yangu! Haki ya Mungu, chai ilinipalia. Nilifungua mdomo niseme, nikamwona wifi yangu akipita na watoto wadogo, nikaufunga. Nikaenda jikoni kuosha sufuria ambazo hakuna aliyeniomba nizioshe. Kwake sikusema kitu. Wewe nitakuambia, maana wewe hutanikatiza.

Mama yetu alikuwa mpishi katika chuo kimoja cha ufundi, juu kidogo ya mji wa Meru, miaka ile ya tisini inakwisha. Tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi, vyumba viwili na jiko la kuni nje. Jumamosi asubuhi ilikuwa ya soko la Gakoromone. Mama alitangulia sokoni akipiga bei na kila mtu, kaka na mimi nyuma yake na mizigo, viazi mgongoni, kamba inakata paji la uso, ndizi mbichi mkononi. Mama akishaanza kusalimiana na wenzake wa kanisa, basi mnasimama pale na mzigo mpaka shingo iingie kifuani. Tukifika nyumbani ni kuni, ni maji, ni kumenya. Lakini saa nane ikigonga mama alikuwa anatutazama tu na kusema, "Haya nendeni. Msiniletee aibu." Tunatoka mbio hata mikono haijakauka.

Tulikuwa tunakimbilia chumba cha kompyuta. Mlangoni lazima uvue viatu, maana ule udongo wetu mwekundu ulisemekana unaua mashine. Kwa hiyo harufu ya kompyuta kwangu mpaka leo ni harufu ya soksi. Kila mashine ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha maua kilichoshonwa na wanafunzi wa ushonaji, kana kwamba ni redio ya nyanya. Mwalimu wa kompyuta alikuwa kijana wa Kibugu, upande wa Embu, mtu wa sweta hata jua likiwaka, na alituruhusu kuingia kwa sababu tulimpangusia vumbi na kukunja vile vitambaa bila kukunjiana ngumi. Mashine ikisita na wewe ukianza kubonyeza bonyeza, alisema kutoka alikokaa, "Mashine haina haraka. Mwenye haraka ni wewe."

Jumamosi jioni alituwekea mchezo. Siku hizi mngesema tulikuwa mtandaoni. Mtandao wetu ulikuwa waya mmoja mweusi uliotambaa ukutani kutoka mashine hadi mashine, ukiuchomoa mwisho wake basi chumba kizima kinapotezana. Lakini ndani ya ule waya kulikuwa na anga nzima! Kila mashine ilikuwa chombo. Ulinunua mzigo kwenye nyota moja, ukauuza kwenye nyota nyingine, na njiani ungeweza kukutana na mwenzako aliyekaa hapo hapo chumbani, mgongo kwa mgongo na wewe. Nyota zilikuja na nambari tu, tukazipa majina. Ile kubwa ya kuuzia kila kitu ikawa Gakoromone. Ile ya baridi, mwalimu akaing'ang'ania iwe Kibugu. Na ile iliyokuwa karibu na jua, ambayo joto lake lilikula ngao ya chombo chako mpaka ukaungua, mwanafunzi mmoja wa useremala aliyetoka Mbeere, kule chini kwenye joto, akasema, "Hiyo sasa ni kwetu, Ishiara," na tukacheka mpaka mwalimu akagonga meza.

Wanafunzi wa chuo, wanaume wenye ndevu, walikuwa wafanyabiashara. Walibeba shehena ghali ambayo wote tuliiita miraa, kwa sababu lazima ifike mapema. Kaka na mimi hatukuwa na mtaji wa kubeba chochote. Tukawa maharamia.

Tulikuwa na mashine moja sisi wawili, kiti kimoja, nusu ya tako kila mtu. Kaka alishika usukani na mizinga. Mimi nilishika ngao na ramani. Chombo chetu tulikiita Kanyoni, yaani kandege, maana kilikuwa kidogo na chepesi. Kaka alinong'ona, "Washa ngao, hao wanakuja," nami niliwasha kabla hajamaliza neno. Tuliwavizia karibu na Gakoromone wakiwa wamejaza mizigo, tukawapora, tukatoweka. Ungesikia watu wazima wakiapiza! "Hawa watoto wa mpishi wametumaliza!" Mmoja alikuwa akiona ameshikwa anauchomoa waya kwa mguu wa soksi, chumba kizima kinazimika, na mwalimu anamfukuza nje kwa Jumamosi nzima.

Hawakujua tunatowekea wapi, na hilo lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyepata maficho. Nilikuwa nimeona kwamba nyuma ya Ishiara kuna jiwe kubwa linalozunguka, na ukilifuata upande wa kivuli bila kulitangulia wala kuchelewa, joto halikufikii. Tuliungua mara nyingi tukijaribu. Siku tulipopita salama kaka alinikumbatia mbele za watu, akasema, "Wewe ni shetani mdogo!" Na hiyo ilikuwa sifa. Huko ndiko tuliweka mali yetu yote. Jioni ile tulikula ndizi moja nusu kwa nusu nyuma ya jiko, tukaapa hakuna mtu wa tatu atakayejua njia ile. Na neno la kutambuana, kama siku moja tungekuwa kwenye mashine mbili, lingekuwa "nusu ndizi". Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sijawahi kuapa kitu kwa moyo safi namna ile, hata kanisani siku ya harusi yangu.

Kaka alimaliza darasa la nane, na Disemba ikafika akapashwa tohara, kama wavulana wa kwetu wote. Wewe unajua mambo yalivyo. Aliwekwa kibandani na wenzake, nyuma ya nyumba ya babu hapo jirani, na vijana wakubwa wa kuwaangalia na kuwafundisha, na msichana haruhusiwi hata kupita karibu. Mimi nilipika. Uji, mukimo laini, maziwa, supu. Mmoja wa vijana alikuja kuchukua chakula mlangoni na kila mara nilimwuliza, "Kaka yangu anaendeleaje?" Naye alinitazama kutoka juu, akachukua sufuria, akaenda.

Jumamosi nilienda peke yangu. Chuo kilikuwa kimefunga lakini mwalimu alikuwapo na wanafunzi wachache ambao hawakuwa na nauli ya nyumbani au hawakuwa na hamu nako. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kiti kizima. Usukani, mizinga, ngao, ramani, vyote mikononi mwangu. Na nikuambie bila aibu, nilikuwa hatari. Nilipora mpaka mseremala wa Ishiara akasema afadhali arudi kuchunga mbuzi. Lakini kila kitu nilichokipata nilikipeleka mafichoni nikimwekea kaka. Nilikuwa nikijipangia kichwani namna nitakavyomwonyesha, na atakavyosema.

Alitoka na nguo mpya na kofia na viatu vya ngozi, amenenepa, anatembea polepole. Watu walimpa zawadi. Nguo zake za zamani zilipewa wavulana wadogo wa jirani. Alinisalimia kwa mkono, kama mgeni. Nikasema moyoni, ni kwa sababu ya hawa watu waliojaa hapa, wakienda atakuwa sawa. Jumamosi ya kwanza nikamnong'oneza, "Leo twende?" Akasema, "Tangulia. Nitakuja."

Nikatangulia. Nilikaa mashine ya mwisho, ile ya pembeni, nikaipeleka Kanyoni nyuma ya jiwe nimsubiri na mali yetu yote. Kaka akaingia na kundi, wenzake wa kibandani na wale vijana waliokuwa wakiwaangalia, wawili kati yao wanafunzi wa chuo. Wakavua viatu. Alinipita, akaenda kukaa mashine ya dirishani. Nikafikiri anataka kunishangaza. Halafu chini ya skrini yangu maneno yakatokea: NUSU NDIZI.

Woi, nilivyofurahi! Ili umpokee mwenzako lazima ushushe ngao. Nikashusha. Chombo chake kikaja kwa upande wa kivuli, sawasawa kabisa, njia ile ile. Nyuma yake kikaja kingine. Na kingine. Walikuja wamefuatana kama ng'ombe wanaokwenda mtoni, na hakuna hata mmoja aliyeungua, kwa hiyo nikajua wamefundishwa.

Wakaanza kupiga. Waya ulikuwa karibu na mguu wangu. Ningeuchomoa tu, chumba kingezimika, Kanyoni ingebaki hai mpaka Jumamosi nyingine. Mguu niliuweka hapo. Sikuuchomoa, kwa sababu kaka alikuwa bado hajapiga. Chombo chake kilikuwa kimesimama mbele yangu, kimya. Nilitaka kuona.

Mmoja wa wale wakubwa akasema, "Maliza wewe, huyo ni wako."

Akamaliza.

Chumba kililipuka kwa kicheko. Walimpiga mgongoni. "Sasa umetoka kwa watoto! Ati alikuwa anaendeshwa na kasichana!" Na yeye alicheka, alicheka kuliko wote, akitazama kila mtu isipokuwa mimi. Nilielewa hapo hapo. Mchezo wenyewe haukuwa aibu, si ulichezwa na watu wenye ndevu? Aibu ilikuwa mimi. Nilikuwa kama zile nguo za zamani, ila hakukuwa na mtu wa kupewa. Mwalimu akasema ati mchezo ni mchezo, atanipa chombo kingine. Nilimchukia na yeye na sweta lake. Nilivaa viatu nje, nikashindwa kufunga kamba, nikaenda hivyo hivyo.

Jioni mama alinipa chai nimpelekee kaka. Alikuwa sasa analala katika kijumba chake, hali tena na sisi jikoni. Nikamwambia mama siendi. Mama hakujua habari za vyombo wala nyota, alinitazama tu kwa uchovu wa mtu aliyepikia watu mia tangu alfajiri. "Mheshimu kaka yako. Huyo sasa ni mwanaume. Enda."

Nilimkuta ameketi kitandani peke yake, kofia iko magotini. Bila zile kelele alikuwa mdogo. Nikaweka kikombe chini. Nilipogeuka akasema, "Wangenicheka."

"Si ungeniambia tu nisije," nikamjibu.

Akachukua kikombe. Akanywa. Nilisubiri mpaka chai ikaisha, nikachukua kikombe nikaenda kukiosha. Hatujawahi kulizungumza tena.

Chuo kile kimejengwa upya. Palipokuwa na chumba chetu pana bweni la ghorofa, na sikupata mtu wa kuniambia mashine zilipelekwa wapi. Mwalimu nasikia alirudi Kibugu akawa mkulima wa majani chai. Mama ametuacha. Siku hizi mtoto anacheza na mtu wa nchi ya mbali bila kutoka kitandani, na soksi za mtu hazimsumbui.

Na usidhani kaka yangu ni mtu mbaya. Nilipofiwa na mume wangu alikuwa wa kwanza kufika, na alilala kwenye kiti sebuleni kwangu mpaka tukazika. Kila Jumapili ananipigia simu. Hata pale Krismasi sidhani alidanganya. Nadhani ndivyo anavyokumbuka kweli, mashine moja na yeye peke yake, na hilo ndilo lililonipeleka kwenye zile sufuria. Kaka ninaye, namshukuru Mungu. Lakini mvulana aliyeketi na mimi kwenye kiti kimoja aliingia kibandani Disemba ile, nikampikia mwezi mzima, na hakutoka.