Batri Iliyoanikwa Juani

Kule Kasungami nyaya za moto wa umeme zilipita juu ya vichwa vya bantu, zikienda zake kwenye mitambo ya shaba. Nyumbani mulibaki koroboi. Amadi Sumaili, fundi wa baiskeli, yeye alikuwa na radio kubwa ya mbao, yenye kula batri ya motokari. Batri ikilegea, aliifunga nyuma ya baiskeli, akaipeleka mpaka mtaa wa Kenya kwa Mukuka, mwenye kazi ya kujaza batri moto.

Kila jioni Amadi alisikiliza matangazo: nani amekufa, nani anaitwa na ndugu zake. Asubuhi alipita mlango kwa mlango. "Mama Musonda, kaka yako anakungojea Likasi." Bantu balizoea: Amadi anasikia vyote.

Neno moja hakumwambia muntu. Sikio lake lilingojea jina la Feza. Huyo mutoto wake wa pekee aliolewa Likasi na Casimir, Mukristo wa Kasai, baba akiwa amekataa. Sasa Feza yuko na mimba. Na kila muzazi anajua: uchungu ukikwama, baba mwenye kinyongo anywe maji, amupulizie binti tumboni, aseme nimeachilia.

Rabia, muke wa Amadi, alipokwenda kumukalia Feza mpaka azae, alisema, "Twende wote, baba Feza."

"Bakiniita kwa radio, nitakuja. Miye si kuku ya kujipeleka sokoni."

Wiki ile batri ya Amadi ililegea, na moto ulikatika mtaa wa Kenya wote. Mukuka alikuwa amekalia ndoo, mikono mitupu.

"Ngojea, papa."

"Mabuye ya tochi, zile batri ndogo, tunayaanika juani, yanafufuka," Amadi akasema. "Jua ndiyo mama ya moto yote. Siku moja kila nyumba itakula moto ya jua, na weye utauza ndizi."

"Siku ile nitauza. Leo batri si muhogo, usiianike."

Amadi alikuwa kichwa ngumu. Aliipandisha juu ya bati, akafungua vifuniko vyote ili jua liingie mpaka ndani. Siku tatu, jua la Oktoba, lile linalopasua udongo kabla ya mvua. Maji yakakauka, vibao vya ndani vikawa vyeupe. Radio ilikohoa mara moja, ikanyamaza.

Angeweza kwenda kusikiliza kwa Désiré, mwenye baa ya karibu. Lakini muntu anayepelekea wengine habari, aende kuomba habari mlangoni mwa watu? "Kesho moto utarudi," akajiambia.

Kwa Désiré balisikia, jioni mbili: Amadi Sumaili wa Kasungami afike Likasi mbio, Feza yuko kwenye uchungu. Balimuona Amadi anapita na spana yake mukononi.

"Mumuache," Désiré alisema. "Amesikia kabla yetu. Hataki kwenda, ni roho yake."

Siku ya tano tangu radio inyamaze, Rabia alirudi, kitambaa cha matanga kichwani. Amadi akainuka.

"Tumemuzika na mutoto wake," Rabia alisema. "Aliuliza mpaka mwisho kama uko njiani."

"Sikusikia. Batri ilikauka."



"Batri," Rabia akasema, akaingia ndani.

Bantu balijaa kwenye matanga. Kwa kila mumoja Amadi alieleza maji, vibao, jua. "Ndiyo, papa," balijibu, macho chini. Na hakuna aliyekaa kwenye mukeka wake.