Mwenyekiti wa Kuzaliwa

Katika harusi yoyote pale Rukanga, pilau haikugawiwa mpaka Zephaniah Mwasaru awe na sahani mkononi. Hata akichelewa. Watu wangekaa wakinusa harufu, watoto wakinuna, bwana harusi mwenyewe akimeza mate, na asitokee wa kugusa sufuria. Kisha koti lake la kahawia lingeonekana kwa mbali, likija kwa mwendo wa mtu asiyejua maana ya haraka, na wapishi wangemshukuru Mungu.

Usidhani alikuwa tajiri. Tembo waliposhuka kula ndengu, hawakuuliza shamba la Mwasaru ni lipi ili waliruke. Mbuzi wake walikonda kwa ukame ule ule uliokondesha mbuzi wa wengine. Lakini babu yake alikuwa chifu enzi za Mwingereza, chifu wa kofia na fimbo, na heshima ya kofia ile ilimshukia baba, kisha ikamshukia yeye, ingawa kofia yenyewe ililiwa na mchwa zamani.

Babu huyo aliacha amri zake. Inasemekana siku moja barazani alirushiwa kiazi kisogoni, asimjue aliyekirusha, na kuanzia hapo akapiga marufuku mtu yeyote kusimama nyuma yake. Chifu akafa, serikali ikabadilika, marufuku ikabaki. Mtoto wa Rukanga alifunzwa mapema: ukimkuta mtu wa nyumba ya Mwasaru, zunguka, usimame mbele yake, ndipo umwamkie.

Uenyekiti wa kamati ya maji nao ulikuja kwa njia hiyo hiyo. Maji yalitoka mlimani Kasigau kwa bomba, yakaingia kwenye tangi, yakagawanywa. Baba yake Zephaniah alikuwa mwenyekiti mpaka pumzi ya mwisho, na matanga yalipoisha wazee wakamkabidhi mwanawe ufunguo wa tangi. Hakuna aliyeuliza kama anajua kazi. Ungemuuliza mtu wa nyumba ile swali kama hilo?

Naye aliipenda kazi hiyo, tusimsingizie. Aliamka mapema, akazunguka, akatoa amri, na kila alilosema lilijibiwa, "Sawa, Mzee." Alisema tangi jipya lijengwe palipokuwa la babu, wakasema sawa. Ni mkewe Wakesho tu aliyekuwa na jibu lingine, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na chifu.

"Baba Rita, kuni zimeisha," angesema, na mjukuu wa chifu angechukua shoka.

Mambo yaliendelea hivyo mpaka Nzembi alipohamia. Nzembi alikuwa Mkamba, mama wa makamo aliyeuza matunda Miasenyi kando ya barabara kuu, akanunua shamba huku chini. Hakulelewa na hadithi ya kiazi. Katika mkutano wake wa kwanza aliinua mkono.

"Mzee, naomba kuuliza. Nani alikuchagua?"

Hudson, jirani yake Zephaniah, alijifanya anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala. Kwa kweli Zephaniah mwenyewe hakujua. Ilikuwa kama kuulizwa nani alimchagua awe na pua.

Swali likafika ofisi ya maji mjini Voi, na jibu likarudi: kamati zote zichague viongozi upya, wananchi wapange mlolongo nyuma ya wanayemtaka. Nzembi akajitokeza kugombea. Zephaniah alipoteza hamu ya kula.

"Nikikosa hii kazi, mimi ni nani?" alimuuliza Wakesho jioni. "Mzee fulani mwenye mbuzi?"

"Kwani sasa hivi wewe ni nani?" Wakesho alimjibu, akimwongezea mboga. "Kula. Mbuzi nao wanahitaji mwenyekiti."

Zephaniah alicheka, lakini aliumia.

Siku ya uchaguzi alikuja Shanice, afisa kijana wa maji, na kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma. Alimsimamisha Nzembi upande mmoja wa uwanja na Zephaniah upande mwingine. Kabla hajamaliza kueleza, watu wawili walikuja mbio na kiti, kwa maana mtu wa nyumba ya Mwasaru hasimamishwi juani. Zephaniah akaketi kivulini, koti limenyooka, akahisi afadhali.

"Haya, kila mtu asimame nyuma ya mtu wake!" Shanice alitangaza.

Waliomtaka Nzembi wakajipanga nyuma yake. Waliokuwa wa Zephaniah, nao walikuwa wengi zaidi, walimwendea, wakamzunguka kwa adabu, wakaketi chini mbele yake kama walivyofunzwa tangu utoto.

Shanice alipita akihesabu. Alipomaliza kwa Nzembi akaja kwenye kiti, akachungulia nyuma yake, akaona kuku mmoja.

"Mzee Zephaniah amepata sufuri."

Kelele zilizozuka hapo hazina mfano. "Sisi hapa!" "Tuhesabu!" Shanice akasema kanuni ni nyuma, si mbele. Mama Dinah wa kwaya akamuuliza kwa ukali kama kwao Voi watu huwasimamia wazee kisogoni. Nzembi alicheka mpaka akashika magoti.

Mwishowe Zephaniah mwenyewe aliinua mkono. "Njooni nyuma yangu," alisema. "Leo nimeruhusu."

Wakanyanyuka kwa mashaka, wakapita kandokando, wakajipanga. Hudson alikuwa wa kwanza nyuma ya kiti, anakanyaga ardhi kana kwamba itafyatuka. Zephaniah alisikia pumzi za watu kisogoni kwa mara ya kwanza maishani. Shingo ilimwasha. Akageuka.

"Hudson. Mbona umesimama kwangu?"

"Ah, Mzee. Tutasimama wapi tena?"

"Maji yanakufikia vizuri kwako?"

Hudson aliangalia ndala zake. "Hapana, Mzee. Hayafikangi. Hiyo tangi iko chini sana, kwetu ni juu. Siku hizi mama watoto anachotanga kwa Nzembi."

"Hayafiki tangu lini?"

"Tangu ijengwe."

"Na hukuniambia?"

"Nikwambie wewe?" Hudson alishangaa kweli, bila ubaya wowote. "Mzee, wewe huambiwi."

Zephaniah alitazama mstari wote uliokuwa nyuma ya Hudson. Hawa ndio watu waliomsalimu kila asubuhi, wakamwambia sawa, wakaenda kuteka maji kwa jirani. Alisikia aibu, aibu kavu, na juu ya aibu hiyo huruma kwa watu hao. Maisha yake yote alikuwa amepewa sahani ya kwanza, na neno la kweli hakuwahi kupewa.

Akanyanyuka kitini. Akavuka uwanja, akaenda kusimama mwisho wa mlolongo wa Nzembi.

Kisha Hudson, aliyezoea kwenda aendako Mwasaru, akamfuata. Mama Dinah akafuata. Mstari wote ukahama, ukapita mbele ya Shanice aliyebaki ameduwaa, mpaka upande wa pili ukabaki kiti na yule kuku.

"Sasa hii nimechaguliwa ama nimerithi?" Nzembi alilalamika, na watu wakacheka hadi machozi. Zephaniah naye alicheka, bila kujizuia, kama mtu ambaye hajacheka miaka mingi.

Jumatatu iliyofuata mwenyekiti mpya aliita watu wakachimbe mtaro wa kupandishia bomba kwenye tangi jingine, juu zaidi. Zephaniah alikuja na jembe. Koti alikuwa ameliacha nyumbani. Alichimba kwa bidii ya mgeni wa kazi, jasho likamtiririka, huku Hudson akichimba hatua chache kutoka kwake na kumtupia jicho la wizi kila mara.

Hudson alikohoa. Akakohoa tena. Akaegemeza jembe, akavuta pumzi.

"Mzee," alisema, "huo mtaro umeenda kombo."

Zephaniah alinyoosha mgongo, akautazama. Ulikuwa umepinda kweli, umepinda vibaya, ungewapeleka moja kwa moja kwenye shamba la kanisa.

"Wapi?" aliuliza, na sauti ilimtetemeka kwa furaha. "Njoo, Hudson. Njoo unionyeshe."