Muuza Nakati

Nnakimera humwogopa yule muuza mboga, mwenye vidole vya kijani hadi kwenye kucha. Habembelezi mteja. Huvunja shina la nakati, mboga yake ya majani, karibu na sikio lako. Lisipolia, fungu zima huwatupia mbuzi. Leo asubuhi alimwona Nnakimera akipita na matufaha ya ng'ambo, zawadi kwa mumewe mwenye presha. Akachukua moja, akalinusa, akalitua kwenye meza yake ya mboga.

“Mama, hili limesafiri miezi mingapi? Limechoka kuliko mumeo!”

Akamfungia nakati na nyanya chungu kwenye jani la mgomba. “Weka juu ya matoke, viive pamoja kwa mvuke. Na chumvi ukome!”

Nnakimera alinuna, lakini alichukua. Alipopita tena jioni, nakati zote zilikuwa zimekwisha. Tufaha lilikuwa palepale mezani, linang'aa. Kutwa nzima hata nzi hakulitaka.