Baba Yangu Analia Mbele ya Nchi Nzima Tusiyoijua

Admin, tafadhali nifiche. Shemeji zangu wote wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na nne, niliishia kidato cha nne, na nimeolewa mwaka huu. Tunaishi Kinoru, Meru, na mwanaume ninayempenda hadi najiogopa. Nitamwita Njeru. Ni mpiga video, amelelewa Embu mjini. Akirudi jioni huuliza mlangoni, "Malkia wangu yuko?" kana kwamba kuna mahali ningeenda. Asubuhi hunipikia chai, halafu anakaa tu akinitazama nikinywa. Majirani wanatucheka na mimi sijali.

Njeru anafanyia kazi app ya filamu iliyoanzia hapa Meru. Tukiwa wachumba ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu, wakionyesha vichekesho vya Kimeru na harusi za watu. Sasa inatazamwa Kenya yote, na wanaingia Uganda na Rwanda. Nilijivunia kazi hiyo kuliko yeye mwenyewe.

Siku ya harusi, kabla sijatoka kwetu Nkubu, baba aliniita chumbani anibariki. Kwetu hilo ni la mzazi na mtoto wake, wageni hungoja nje. Baba alikuwa mgonjwa sana, hata kusimama alishindwa. Alinitemea mate kifuani kama wazee wetu wanavyobariki, akalia, akasema, "Nenda, mwanangu. Niliogopa nitakutangulia kuondoka hapa nyumbani." Njeru alikuwa ameacha kamera ndogo juu ya kabati, ili nibaki na sauti ya baba. Hata mwezi haukuisha, tukamzika.

Njeru aliiweka baraka hiyo ndani ya filamu ya harusi yetu bila kutuuliza. Ikapendwa kuliko zote. Sasa wakubwa wake wameichagua iwe ya kwanza kuonyeshwa Rwanda. Nimeona tangazo lake, wamebadilisha sauti za watu. Baba yangu analia kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya mwanaume mwenye afya njema.

Mama aliambiwa sokoni na mwanamke anayeuza ndizi, "Nimemwona mzee wako akilia, pole." Akaja kwangu moja kwa moja.

"Wakati wote wa ugonjwa, baba yako alinikataza kuwafungulia wageni wasimwone amelala," akasema. "Mwambie mume wako aitoe."

"Mama, mwambie wewe. Njeru anakuheshimu."

"Nimgombeze mkwe wangu? Nitamtazama tena kwa macho gani?"

Kwetu mama hamwambii mkwe jambo kama hilo uso kwa uso. Jumapili tulipoenda Nkubu, alimchinjia Njeru kuku, akamuuliza habari za watu wa Embu, akamwongezea mchuzi. Mimi ndiye niliyeacha chakula sahanini.

Tukirudi nyumbani nilimweleza mume wangu yote. Alicheka kwa upole.

"Malkia, mama yuko sawa. Angekuwa ameumia angeniambia. Si umeona vile amenipokea?"

"Hawezi kukuambia, Njeru. Ndiyo maana nakuambia mimi."

"Kwetu mama yangu humwambia mume wa dada yangu kila kitu mezani. Ni wewe bado una uchungu wa baba." Akanishika mikono. "Kwa sababu ya filamu hii wananipeleka Kigali nisimamie upigaji wa video, na wewe pamoja nami. Nikisema itolewe sasa, atatumwa mwingine. Na mle ndani ya filamu mzee hafi, mpenzi."

Alisema hivyo akilengwa na machozi. Anaamini kabisa. Ndilo linaloniua, kwamba hakuna ubaya moyoni mwake.

Mama naye ameniambia baba alikufa mara moja tu, na sisi tunamfanya afe kila siku.

Filamu inafunguliwa Rwanda wiki ijayo. Nikiwaandikia mimi mwenyewe wakubwa wake kwamba familia imekataa, namvunjia ndoto mwanaume anayenipenda hivi, na huenda asinisamehe. Nikinyamaza, mama atatuaga tukienda Kigali akitabasamu mbele ya Njeru, na mimi peke yangu nitajua tumemfanyia nini. Nyinyi mlioolewa, na hasa mnaojua mila za huku kwetu, niambieni: niandike au ninyamaze?