Mama Trei na Mayai Yanayobaki

Kuku bado wanapiga kelele bandani, na Mama Trei ameshaijaza meza. Mkono mmoja unafuta yai, wa pili unalipanga. Midomo inacheza: "Thelathini, sitini, tisini, mia na ishirini…"

"Hivyo ni vigawe vya thelathini," anasema bila kuinua macho. "Trei inabeba mayai thelathini, basi ndio wimbo wangu."

Zamani wimbo huo hakuwa nao. Aliacha shule mama yake alipougua, kabla darasa lao halijafika kwenye kugawanya. Akiulizwa mayai ya siku yatajaza trei ngapi, jibu lake lilikuwa moja: "Ngoja nipange kwanza."

Mwaka jana shamba hili la kuku lilitafuta msimamizi wa ufungashaji wa mayai. Alikitaka cheo hicho mpaka chakula kikawa hakipandi, lakini usaili ulikuwa na hesabu. Aliyemwokoa ni wifi yake, mpishi wa shule, aliyemwaga maharage mezani.

"Wifi, jogoo mwenye kucha kama sindano humwogopi, unaogopa namba?" alimtania. "Haya, gawa. Sita sita."

Mama Trei akagawa, akatangaza kwa fahari: mafungu matatu, yamebaki manane.

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. "Manane yanabakije, na humo mna sita nyingine? Hayo hayajabaki, umeyasahau!"

Akatoa fungu la nne. Yakabaki mawili, na kila jioni wakarudia kwa maharage mengine.

Siku ya usaili, meneja aliuliza: mayai mia tano, trei ngapi?

"Kumi na tano, yanabaki hamsini," alijibu, kisha akajiziba mdomo. "Jamani! Hamsini si ina trei nzima ndani yake? Kumi na sita, yanabaki ishirini!"

"Una hakika?"

"Kumi na sita mara thelathini ni mia nne themanini. Ongeza ishirini, mia tano hiyo hapo."

Meneja alicheka, akampa mkono. Kazi akaipata.

Siku hizi dereva wa gari la mayai hasubiri. Anaambiwa idadi ya trei kabla hazijapangwa. Na Mama Trei na wifi yake wamejiandikisha pamoja darasa la watu wazima, wakitaka cheti cha elimu ya msingi.

"Nasikia hesabu zinazofuata ni za sehemu, nusu na robo," anasema Mama Trei, akijifuta mikono kwenye aproni. "Mziambie zikae vizuri. Tunakuja wawili."