Taa ya Kijani Juu ya Mlango wa Fundi Cherehani

Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, na mimi nilikuwa mwanamke pekee kati ya mafundi umeme wa ofisi yetu ya barabara hapa Kigali. Kazi niliijua, wala sikuona haya kusema hivyo.

Mkuu wangu alinituma kwenye njia panda iliyo chini ya mteremko wa Nyamirambo. Ndani ya wiki moja madereva watatu walikuwa wamepita pale taa ikiwa nyekundu, na wa mwisho alimkosakosa mama mmoja aliyejitwika ndizi. Wote watatu waliapa kwamba waliona kijani.

Nilipofika nikaiona. Ng'ambo ya njia panda, juu ya mlango wa fundi cherehani, ilining'inia taa ya kioo cha kijani. Mwenyewe alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, mwenye kofia, utepe wa kupimia shingoni.

"Taa hii iko hapa tangu wakati wa baba yangu," aliniambia. "Watu wanajua duka kwa hii taa. Tena iko ndogo. Itadanganya nani?"

"Sijasema inadanganya, baba. Nimekuja kuipima."

Jioni, giza lilipoanza kuingia, niliweka kipima mwanga chini ya taa yake, kisha mbele ya taa nyekundu ya barabarani. Yake ilikuwa hafifu mno. Kesho yake mkuu alisoma vipimo vyangu akacheka.

"Basi imekwisha. Madereva ni waongo."

"Bado," nilimjibu. "Mimi nilipima nimesimama. Dereva hapiti pale amesimama. Nipe lori na dereva, jioni ya leo."

Akanipa.

Tuliushuka mteremko taratibu, nami nimekaa mbele na kipima mwanga nilichokifungia bomba jeusi la karatasi ngumu, ili kisome taa moja tu. Tulipokata kona, bango la duka la vyakula liliifunika kabisa taa nyekundu. Ikabaki ile ya fundi peke yake, mahali hasa ambapo macho yanatafuta ishara. Mshale wa chombo ulisogea kidogo tu, lakini ulisogea. Dereva wangu alikanyaga mafuta.

"Kwa nini unaongeza mwendo?" nilimuuliza.

"Si kijani?" alisema, kisha taa nyekundu ikachomoza nyuma ya bango, akakanyaga breki kwa nguvu.

Ningeweza kwenda moja kwa moja kuandika amri ya kuing'oa ile taa. Badala yake nilikwenda dukani, nikamwambia mzee apande lori. Alikataa mara mbili, akisema ana suruali ya mteja ya kumaliza. Mara ya tatu alipanda, kwa heshima yangu tu, nadhani. Tulirudi juu tukashuka tena. Penye kona alishika kiti kwa mikono miwili. Tukasimama.

"Mimi mwenyewe ningepita," alisema polepole.

Aliishusha taa jioni ileile, akiwa amepanda kwenye stuli yake ya kushonea. Mimi nilimwomba mwenye duka la vyakula asogeze bango lake, na ofisi ikarefusha nguzo ya taa nyekundu. Siku chache baadaye mzee akaniuliza ni rangi gani anaruhusiwa.

"Yoyote, baba, isipokuwa nyekundu, kijani na njano."

Akachagua buluu. Nayo niliipima, kutoka ndani ya lori.

Mkuu alitia sahihi ripoti yangu bila kubadilisha neno. Tangu hapo, kila aliyetaka kuwasha taa ya rangi karibu na barabara aliletwa kwenye meza yangu. Kabla sijagusa chombo chochote, nilimpandisha kwanza garini, akae kiti cha mbele, aangalie mwenyewe.